Kivuko cha Nakijwa

Sogeeni hapa kwenye jabali, na msikae ukingoni. Najua mmelowa. Najua pia kwamba Mwalimu Mbonea ana ramani nzuri ukutani, yenye rangi, na darasani hakuna matope. Mmeniuliza kwa nini watoto wa darasa la nne wa milima hii huletwa mtoni masika, siku ambayo hata mbuzi wamekataa kutoka. Nitawaeleza, ingawa si habari ninayoipenda.

Palikuwa na wakati ambapo nchi hii ilifundishwa uani, kiangazi, mavuno yakishaingia. Masika kila mtu alikuwa shambani; nani angekuwa na nafasi ya watoto? Mfundishaji alikuwa Senkondo, mzee aliyeijua milima hii nje ndani. Alimwaga majivu juu ya udongo uliofagiliwa, akachora mito kwa kidole na kupanga mawe yawe milima. Hapa, aliwaambia, babu zetu waliyeyusha chuma. Hapa walipatana na majirani kuhusu mpaka. Hapa mto huvukwa. Watoto walikariri. Aliyekanyaga majivu alilala njaa, kwa hiyo walizoea kukaa kando ya nchi yao na kuitazama tu.

Hakuna aliyelishika somo lile kama Nakijwa, mjukuu wake. Hata ungemwamsha usingizini, angekutajia kijito kwa kijito mpaka tambarare. Mzee alimpenda kupita kiasi wala hakuficha. Wageni wakija, alimwita binti aisome nchi mbele yao, na yeye mwenyewe alitikisa kichwa kwa furaha.

Masika moja mama yake Nakijwa alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mkunga aliishi ng'ambo ya mto huu. Baba alikuwa mbali na ng'ombe, na Senkondo miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Jirani mmoja alishauri wasubiri mvua ipungue. Senkondo alikataa, akasema mjukuu wake habahatishi, njia anaijua. Akamwita.

"Ukifika kivukoni?"

"Mawe matatu meupe, babu. Napita upande wa juu wa jiwe la pili. Maji yanafika magotini."

"Nenda, mama."

Mawe yenyewe ni yale pale, hata leo vichwa vyake vinaonekana. Mchungaji aliyekuwa ng'ambo alimwona binti akifika, akampigia kelele arudi, lakini mto ulikuwa unavuma. Nakijwa aliyahesabu mawe kwa kidole kama alivyofundishwa, akaingia pale pale alipotakiwa kuingia. Maji hayakuwa ya magotini. Walimpata kesho yake kwenye matete, chini ya kona ya mto.

Mama alijifungua mikononi mwa majirani, bila mkunga, na mtoto akawa mzima. Walipomwambia habari za binti yake, alimgeukia mkwewe.

"Baba, ulimfundisha mto gani?"

Kwamba mto hufura masika, kila mtu mzima alijua, na Senkondo zaidi ya wote. Lakini kwenye majivu mto ulikuwa mstari mmoja mwaka mzima, na sifa za mjukuu zilikuwa zimemlevya. Mimi namhurumia mzee yule, na bado nikimfikiria nakasirika.

Hakumwaga majivu tena. Masika iliyofuata aliomba abebwe kwa machela mpaka hapa, watoto wakimfuata mvuani, wazazi wao wakinung'unika. Aliwaambia wachovye mikono wasikie maji yanavyovuta. Halafu akataka kuwaonyesha mahali pa kuvukia, sauti ikamkatikia, akalia mbele yao bila kuficha uso. Ni mama yake Nakijwa, akiwa na mtoto mgongoni, aliyewamalizia somo.

Na tangu siku hiyo watoto wa milima hii hufundishwa nchi yao kwa miguu, wakati wa mvua, na mahali hapa huitwa Kivuko cha Nakijwa ingawa hakuna anayevuka. Mtaliandika jina hilo kwenye mtihani na mtapewa alama. Mjue tu kwamba ni jina la mtoto aliyelijua somo lake kuliko nyinyi nyote.