Upanga Mwepesi wa Farjallah

Zama ambazo majini walikuwa bado hawajauchoka ujirani wa wanadamu, mji wa Yakutia ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Mundhiri, na katika hazina aliyoirithi kwa baba yake hapakuwa na kitu cha ajabu kuliko upanga mmoja, ambao ndani yake alifungwa jini aitwaye Zanbari. Akipigishwa magoti mtu asiye na hatia, upanga ulikuwa mzito kama jabali, na akipigishwa magoti mwenye hatia, ulikuwa mwepesi kama unyoya, na kwa hiyo watu wa Yakutia walijua kwamba mjini mwao hadhulumiwi mtu roho yake.

Aliyeushika upanga huo miaka thelathini ni Farjallah. Kabla yake alikuwa mtunza bustani wa marehemu Sultani Mundhiri, na hata sasa, mvi zimemjaa, akiwa peke yake aliikumbuka mikomamanga ile, na watoto waliomkimbilia wakimwomba matunda, na vicheko vya wachota maji. Tangu apewe upanga hapana mtoto aliyemkimbilia tena, wala hapana mzee aliyekubali kumwoza binti yake. Alikwisha kata vichwa kumi na tisa, na majina yote alikuwa nayo moyoni.

Basi siku moja akaletwa Tamimu, mtia rangi nguo, aliyemuua kwa jambia rafiki yake wa utotoni, Jauhari, kwa maneno waliyorushiana harusini, na jambo hilo hakulikana. Sultani akaketi uani pa kasri, na Waziri Haidari kuliani kwake, na mbele yao akasimama Bi Shamsa, mama wa marehemu, katika nguo zake za msiba.

Farjallah akauinua upanga, nao ukapanda kama unyoya. Akautazama kwa muda, kisha akauweka chini.

"Umekuwa mzito?" akauliza Sultani.

"La, Maulana. Upanga ni mwepesi, mzito ni mkono wangu. Mtu huyu ameua, sina shaka. Lakini wale kumi na tisa nao waliua, na kila nilipomaliza kazi nilikuta aliyeuawa kwanza hajarudi. Siwezi tena."

Waziri Haidari, ambaye hakuwa mtu katili, akainamisha kichwa akasema, "Maulana, baba yangu aliuawa njiani, enzi ambazo muuaji alitozwa mbuzi akaenda zake. Niliwaona waliomuua wakinunua nyama sokoni, wanacheka. Leo msafiri hutembea peke yake hadi mpakani. Ukimhurumia huyu, unawatupa watu ambao bado hawajauawa."

Maneno yote mawili yakamwingia Sultani, akamgeukia mama wa marehemu. "Bi Shamsa, damu ni yako. Wataka nini?"

"Nataka afe," akajibu. "Lakini zaidi ya hilo nataka nimwone mwanangu."

Hapo sauti ikatoka ndani ya upanga, nzito na ya upole. "Farjallah, nilifungwa humu kwa sharti kwamba siku mshika upanga atakapouweka chini kwa hiari yake, nimtimizie haja moja, kisha niwe huru. Niambie haja yako."

Farjallah akawaza ujana wake, na akawaza yale matunda mikononi mwa watoto, na moyo ukamuuma. Kisha akamtazama yule mwanamke. "Mpe mama huyu anachokitaka."

"Maiti simfufui," akasema jini, "ila siku iliyopita naweza kuirudisha, kwa kadiri ya buli la kahawa kuchemka."

Na ua ukajaa harufu ya mvua, na ikaonekana nyumba ya Bi Shamsa ilivyokuwa zamani, na kizingitini Jauhari wa miaka saba, matope hadi magotini, anakula mahindi ya kuchemsha, na kando yake Tamimu mdogo, na wote wawili hawajiwezi kwa kucheka. Mama akamwita mwanawe kwa jina, naye hakusikia.

"Mbuzi alikuwa amekula kilemba cha mwalimu," akasema Tamimu mfungwa kwa sauti ya chini, machozi yakimtiririka. "Ndicho tulichokuwa tukicheka, mama."

Siku ile ikayeyuka, ua ukawa ua.

"Sikupata kulijua hilo," akasema Bi Shamsa. "Unazikumbuka na siku nyingine?"

"Zote, mama."

Akamgeukia Sultani. "Maulana, sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe. Lakini baba yake Jauhari amekufa, na ndugu hana. Nikimuua huyu, nitabaki kumkumbuka mwanangu peke yangu. Mwacheni aishi, na kila Ijumaa aletwe kwangu anisimulie."

Sultani akahukumu hivyo, na Tamimu akafungwa maisha katika karakana ya rangi ya kasri. Zanbari akaruka juu ya paa kwa sura ya ndege hudihudi, akaenda zake. Waziri Haidari hakubadili rai yake hata siku moja, na Sultani akazidi kumheshimu kwa hilo. Farjallah akapewa nyumba ya mawe na shamba la malimau, na uzeeni akamwoa Bi Mwanasha, muuza halua, kwa karamu ya siku saba. Na wenye busara wa Yakutia huwafunza wana wao hivi: aliye na haki ya kuitoa roho ya mtu, na aitafakari kana kwamba upanga ni mzito.

Ama Ijumaa ya kwanza, Tamimu alifika baina ya askari wawili. Bi Shamsa alikuwa amekwisha tandika mkeka mlangoni. Hakumwamkia wala hakumtazama usoni. Aliketi, akafunika magoti kwa kanga yake, akasema, "Anza."