Mti wa Mkurugenzi

YAH: UNYWESHAJI WA MCHE MMOJA WA HESHIMA. Faili lenye kichwa hicho lilifunguliwa baada ya Mkurugenzi wa Maji kumnyima Mama Naanyu, mwenye ranchi pembezoni mwa jiji, maji ya kumwagilia malisho.

“Maji ni ya jiji, mama. Ng'ombe wako wahame.”

Mama Naanyu alimwalika apande mti juu ya kilima cha ranchi, panapoonekana toka barabara kuu. Mkurugenzi aliupanda huku akiitabasamia kamera, na kibao chenye jina lake kikasimikwa.

Mwezi uliofuata mama alipiga hodi ofisini.

“Mheshimiwa, mti wako umenyauka. Abiria wanasoma jina lako, wanacheka.”

“Si uumwagilie!”

“Kwa maji yapi, baba?”

Mkurugenzi alijikuna kichwa. “Nitakuvutia bomba. Maji yasifungwe mpaka mti uchipue. Lakini ukichipua tu, nakata!”

“Siku hiyohiyo, baba. Habari nitakuletea mwenyewe.”

Maji yaliteremka kilimani masika na kiangazi, malisho yakasitawi, ng'ombe wakanenepa. Mti haukuchipua, kwa sababu siku ile mkurugenzi alipanda fimbo kavu ya kuchungia, iliyofungwa majani kwa uzi.