Neno Lililokatazwa na Mzee Kishungi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliokosa chakula cha jioni? Na wewe Mwanakheri, acha kuyachokoa hayo mahindi, yataiva bila wewe. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kanga walipokuwa wakisema kama mimi na wewe, paliondokea kundi kubwa la kanga katika mbuga ya migunga. Mkuu wao aliitwa Mzee Kishungi. Yeye alitangulia, wengine wakafuata nyuma kwa mstari. Akikata kushoto, wote kushoto. Akidonoa, wote wanadonoa. Kanga ndivyo walivyo mpaka leo.

Kundi hilo liliwahi kugombana kisimani. Wakafarakana, nusu yao wakaenda zao wasirudi tena. Mzee Kishungi aliumia mno, akapiga marufuku: "Neno kutawanyika lisitajwe hapa. Atakayelitaja atafukuzwa." Tangu hapo, kukija hatari aliita, "Shikamaneni, shikamaneni, shikamaneni," nao wakabanana pamoja.

Sasa alikuwepo mkamwana wake, Bi Tepa, mjane aliyeolewa kutoka vilimani. Alikuwa na vifaranga wadogo, hata kuruka hawajajua. Na kanga jike akiwa peke yake porini na vifaranga hafiki mbali. Kundi ndilo lililokuwa uhai wa wanawe.

Siku moja akaja mwewe. Mzee Kishungi akaita, "Shikamaneni, shikamaneni, shikamaneni." Wakabanana. Mwewe akachagua aliyenona, akaenda naye.

Bi Tepa akasema, "Baba, kwetu mama akiona mwewe huwaambia watoto tawanyikeni. Kila mmoja hujilaza nyasini. Hatari ikipita, tunaitana."

"Neno hilo ndilo lililonivunjia nyumba," akasema mzee. "Nakusamehe kwa ajili ya marehemu mwanangu. Usilirudie."

Siku nyingine akaja mbweha. "Shikamaneni, shikamaneni, shikamaneni." Wakabanana, mbweha naye akachukua wake. Bi Tepa akafungua mdomo. Mzee akamtazama. Akaufunga.

Basi akatokea mtegaji mmoja, Semkiwa, mtu mvivu lakini mwenye akili. Aliwatazama kanga wakipita, akacheka peke yake. "Sina haja ya kuwadanganya wote," akasema. "Nikimdanganya wa mbele, wengine watajileta." Akainua wavu juu ya vijiti, akamwaga mtama chini yake, akajificha kichakani na kamba mkononi.

Asubuhi Mzee Kishungi akauona mtama. Akadonoa punje moja, akadonoa ya pili, akadonoa ya tatu, huyo anaingia chini ya wavu. Nyuma yake kundi zima linafuata. Bi Tepa alikuwa wa mwisho kwa sababu ya watoto, ndiye aliyeona kisigino cha mtu kichakani.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Angeweza kunyamaza, akabaki nyuma salama na wanawe. Akisema, atafukuzwa, na wanawe watakufa porini. Lakini moyo ukamwambia: hawa ndio waliolia nami nilipofiwa. Hawa ndio walioniachia chakula nilipokuwa naatamia. Akapaza sauti: "Tawanyikeni, tawanyikeni, tawanyikeni!"

Weeee! Huyu juu, yule kichakani, wale bondeni. Semkiwa kwa mshtuko akavuta kamba, wavu ukamwangukia Mzee Kishungi peke yake. Lakini tamaa nayo! Semkiwa akaona mzee amekonda, akamkimbilia mwingine mnene. Kabla hajamfikia akamwona mnene zaidi. Akamwacha huyo, akamfuata wa tatu. Alipokata pumzi na kurudi, mzee alikuwa ameshapenya chini ya wavu, na mtama umeliwa na njiwa.

Jioni ikafika. Mzee Kishungi alikuwa juu ya mgunga, peke yake, analia. Alidhani kundi limekwisha, kama lile la kwanza.

Ndipo akasikia sauti ya Bi Tepa: "Niko huku, niko huku, niko huku." Bondeni mmoja akaitikia. Mwingine kichakani. Wakaja mmoja mmoja, wakaja wawili wawili, hata vifaranga wakainuka nyasini walipojilaza. Hakukosekana hata mmoja.

Bi Tepa hakungoja kuambiwa. "Baba, nimelitaja. Naomba tulale leo tu, asubuhi nitaondoka na wanangu."

Wakubwa hulala juu ya mti, na vifaranga wasiojua kuruka hulala chini na mama yao. Mzee Kishungi akashuka, akakaa mchangani kando ya mkamwana wake, akafungua bawa lake la kuume. Vifaranga wakaingia wakisukumana.

"Uondoke uende wapi, na hapa ni kwako?" akasema. "Nilikuwa naogopa, mwanangu, hofu yangu ikawamaliza watu. Leo umetutawanya, na wote tupo. Ahsante. Ahsante sana."

Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe, Bi Tepa alilala akiwa amefumba macho yote mawili.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ahsanteni kwa kunisikiliza, na mahindi sasa yameiva.