Matawi ya Mrindoko

Kabla magari hayajaijua njia ya kupanda milima ya Upare, habari zilisafiri kwa miguu ya Mrindoko. Likitokea jambo bondeni, yeye ndiye aliyelipandisha mbio, na watu wakimwona kwa mbali walivunja matawi mabichi na kuyatandaza njiani ili ayakanyage akiingia kijijini. Heshima hiyo ilimtosha.

Ukafika mwaka barabara ilipochongwa mlimani. Dereva mmoja wa pwani, Hemedi, akapandisha gari la kwanza, na watu wakalitandazia matawi. Mrindoko alifika baadaye akihema, akayakuta yamesagwa na magurudumu. Wivu ukamshika. Kilichomuuma zaidi ni kumwona mkewe, Nakiete, akilifuta gari vumbi kwa upindo wa kanga yake.

“Limepanda mlima wote na wala halihemi,” Nakiete alisema.

Mrindoko alikaa na maneno hayo moyoni. Magari mengine yakafuata, naye akaapa kwamba mguu wake hautapanda hata moja. Siku moja ya gulio Nakiete alirudi kutoka sokoni bondeni kwa gari la Hemedi. Mumewe akapita njia za mkato. Chini kidogo ya kona kali akalikuta gari limezimika katikati ya barabara. Hemedi alikuwa uvunguni, miguu tu ndiyo iliyoonekana, na Nakiete amechuchumaa mbele akimshikia spana. Mrindoko nusura acheke kwa furaha.

“Mke wangu, inuka. Twende zetu kwa miguu.”

“Tangulia tu, Baba Tenga. Hemedi anamalizia.”

Tangulia tu! Mrindoko akaizunguka kona huku damu ikimchemka. Akaamua kwamba leo atapokelewa, hata kama ni kujipokea mwenyewe. Akavunja matawi, akayatandaza barabarani, akarudi nyuma ili aje ayakanyage kwa madaha kama zamani.

Kabla hajainua mguu, lori la mbao likateremka kwa kasi. Dereva alipoona majani mabichi alidhani anapokelewa mkubwa fulani, akakanyaga breki, akayapita polepole kwa adabu. Akaizunguka kona kwa mwendo huohuo, akasimama hatua mbili tu kutoka mgongoni pa Nakiete.

Nakiete alipanda mbio akaizunguka kona, akamkuta mumewe bado ana tawi mkononi.

“Uliyaweka kwa ajili yangu?” akauliza huku analia.

Mrindoko aliitazama miguu yake. “Ndiyo,” akasema.

Hemedi naye akafika, akamkumbatia Mrindoko, na kila dereva aliyekutana naye baadaye akamsimulia jinsi matawi yalivyowaokoa.

Na tangu siku hiyo, gari likiharibika, dereva huvunja matawi kwanza na kuyatandaza barabarani, ndipo afungue boneti. Mrindoko alizeeka akiiona heshima yake ikitandaziwa magari yaliyoshindwa kutembea. Kila alipoyakuta matawi hayo, aliangaza huku na huku kuhakikisha hakuna anayemwona, akayakanyaga yote, la kwanza mpaka la mwisho, kisha akaenda zake nyumbani.