Inveta ya Mzee Duha

Usipime kwa taa kitakachobeba pumzi. Ndivyo alivyosema shangazi yenu Ndeshi asubuhi, alipoambiwa kwamba dereva wa basi la harusi ameshajaribiwa kwa kuzungushwa uwanja wa shule mara mbili. Nyie mkacheka, mkadhani kaitoa kichwani mwake. Hamkujua kwamba aliyefanya kosa lililozaa methali hiyo ni mimi babu yenu, Anaeli Akyoo. Mnauliza ilitoka wapi? Haya, kaeni. Na wewe Ndemasi, weka simu chini, maana hii siisimulii mara mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani hizo nilikuwa fundi umeme wa magari hapa Arusha, gereji yetu iko Sakina. Nilikuwa hodari, na sisemi kwa majivuno. Sawa, nasema kwa majivuno. Gereji yetu ilikuwa na desturi yake. Fundi akimaliza kazi ya umeme, ananing'iniza balbu kwenye waya mrefu. Balbu hiyo tuliiita shahidi. Wote tunasogea kutazama. Ikiwaka, mkubwa wetu anatamka, "Imekubali," mwenye gari ananunua soda, na kazi imekwisha. Taa ikisema ndiyo, nani wa kusema hapana?

Siku moja akaja dada mmoja, Zamda binti Duha, na gari-nyumba. Mmeyaona hayo magari: lori kwa nje, ndani kuna kitanda, jiko, sinki na mapazia. Hilo lilikuwa la watalii waliomaliza safari zao wakaliuza. Zamda alilinunua kwa ajili ya baba yake.

Mzee Duha alikuwa mpima barabara. Miaka thelathini alikula vumbi la kokoto na moshi wa lami, hata mapafu yakachoka. Aliishi kwa mashine ya oksijeni, sanduku linalonguruma kando ya kitanda, na mpira mwembamba mpaka puani. Kwao ni Kondoa. Huko alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Mwajabu, ambaye macho yalishaondoka na hawezi kusafiri. Walikuwa hawajaonana miaka tisa.

"Baba anataka wakashikane mkono wakiwa hai wote wawili," Zamda akaniambia. "Kaka Anaeli, nifungie inveta ambayo haitamwangusha njiani. Sina kingine ninachokuomba."

Inveta ndiyo inayochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Nikaenda dukani, nikakuta za aina mbili. Zote zimeandikwa wati elfu moja, na mashine ya mzee ilikula wati mia nne tu. Moja nzito, inatoa umeme laini, unaopanda na kushuka taratibu kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Ya pili nyepesi, umeme wake ni wa ngazi ngazi: unaruka, unakatika, unaruka tena. Taa haijali hayo, wala pasi haijali. Mota inajali. Mota ukiilisha umeme wa ngazi inazunguka kwa shida, inaunguruma, inapata joto, mwisho inachoka. Nilikuwa nayajua hayo yote, wajukuu zangu! Sikukosa elimu.

Lakini ile nzito ilitaka nitoboe sakafu niikaze kwa bolti, nivute nyaya nene, tena nikate tundu la kupitisha hewa kabatini. Kazi ya siku mbili. Ile nyepesi ilikuwa kazi ya saa tatu. Nikajiambia, wati elfu kwa mia nne, hapo si hata nafasi ya kucheza imebaki? Nikachukua nyepesi. Nikaipachika ndani ya kabati chini ya kitanda, nikafunga mlango wake vizuri ili papendeze.

Ilikuwa Jumamosi. Mafundi wenzangu wote walikuwa wamekwenda mazikoni Nkoaranga, nilibaki peke yangu na geti nimelifunga. Mashine ya mzee iko nyumbani, imo puani mwake, haiwezi kutoka. Basi nikamning'iniza shahidi juu ya sinki, nikabonyeza swichi. Taa ikawaka, nyeupe, imetulia. Na kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kutamka, nikatamka mwenyewe kwa sauti, "Imekubali." Sauti ikagonga mabati ikanirudia. Nikacheka peke yangu.

Zamda alipokuja kuchukua gari aliuliza swali moja. "Umeijaribu na mashine ya baba?"

"Nimeijaribu, dada. Safi kabisa."

Ulimi huu huu ndio uliosema.

Desturi yetu nyingine ni kwamba kwenye safari ya kwanza fundi hupanda. Tukaondoka watatu: Zamda kwenye usukani, mimi nyuma na mzee. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaanza kunionyesha dirishani madaraja aliyoyapima yeye. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi na mashine ikavumilia. Tulilala Babati kwenye nyumba ya wageni, tukaichomeka ukutani. Kesho yake tukachelewa kutoka, jua likatukuta tunapanda vilima vya kwenda Bereko.

Mlio wa mashine ulikuwa umebadilika. Niliusikia, nisiwadanganye na nyie. Ulikuwa mzito, kama mtu anayeguna huku amefumba mdomo. Nikaitazama taa yangu, niliyoiacha pale pale juu ya sinki. Inawaka. Nikaegemea zangu.

"Karibu," mzee akasema.

"Unasemaje, mzee?"

"Si wewe." Alikuwa anatazama kiti cha turubai kilichokuwa karibu na mlango. Kiti kitupu. "Karibu, kaa. Mbona umechelewa hivyo?"

Akanyamaza, akawa anasikiliza. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za nyumbani. Akacheka kidogo. Kisha akanyamaza tena, ananyamaza kwa adabu, ampishe mwenzake aseme. Ingekuwa usiku ningesema ni kiza kinanichezea, lakini jua lilikuwa la utosi, ndani ya gari kweupe, naona hata vumbi kwenye mapazia.

Zamda akauliza kutoka mbele, "Baba anaongea na nani?"

"Ananong'ona tu, dada."

"Naongea na Gwandu," mzee akajibu mwenyewe.

Gari likasimama. Zamda akazima injini, akaja nyuma, uso umempauka. Pale tuliposimama hapakuwa na nyumba wala mtu wala mbuzi. Upepo hakuna. Kilichosikika ni ule mguno wa mashine tu. Halafu kile kiti kikalia, kama vinavyolia viti vya turubai mtu anapojiweka sawa. Labda ni gari lilikuwa linatulia kwenye mteremko. Labda.

"Baba," Zamda akasema polepole, "Gwandu amekufa. Mlimzika kabla mimi sijazaliwa."

"Najua amekufa. Kwani nani kakwambia yu hai?"

Midomo ya mzee ilikuwa imegeuka rangi, na kucha zake hivyo hivyo. Zamda akamshika mkono, machozi yanamtoka. "Anaitwa, kaka Anaeli. Wamekuja kumchukua. Ya Rabi, na Kondoa pale!" Akainama sikioni mwa baba yake, akaanza kumtamkisha shahada.

Na mimi? Nilitazama taa. Ilikuwa inawaka, haitikisiki hata kidogo. Nikasema, "Umeme upo, dada. Mashine inazunguka. Hii si ya fundi, hii ni ya Mungu."

Hapo najichukia mpaka leo. Nilimsingizia Mungu kazi yangu mbovu, na mzee wa watu anakata roho mbele yangu.

Ndipo Mzee Duha alipogeuza kichwa. Aliacha kukitazama kiti, akanitazama mimi, macho makavu, hayapepesi.

"Fundi. Gwandu ana swali lake. Siku ile ulipokuwa peke yako, ukasema imekubali. Ulikuwa unamwambia nani?"

Nikaitazama tena taa yangu.

Akageuka tena kwenye kiti, akasikiliza, kisha akaniletea maneno kama tarishi. "Anasema, usipime kwa taa kitakachobeba pumzi."

Jamani, geti nililifunga mwenyewe! Mafundi walikuwa Nkoaranga, Zamda alikuwa kwake, mzee kalala kitandani kwake, mbali nami. Neno lile nililitamka mbele ya mabati matupu, na sikumwambia mtu.

Nikapiga magoti, nikaishika mashine. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Nikauchomoa mpira puani mwa mzee, nikauweka kwenye mdomo wangu. Hamna kitu. Sanduku linanguruma, taa inawaka, na kwenye mpira hakuna hata hewa ya kuyumbisha unyoya. Mzee alikuwa anakosa pumzi tangu tulipoanza kupanda, na sisi tunaisikiliza ngurumo tukidhani ni uhai.

"Dada, nimekudanganya," nikasema. "Sikuijaribu na mashine. Nilijaribu na taa."

Zamda aliacha shahada katikati. Alinitazama mara moja tu. Hakunitukana, heri angenitukana. Akavuta mtungi mdogo wa oksijeni uliokuwa chini ya sinki, wa dharura, akamfungia baba yake. "Huu ni wa nusu saa," akasema. "Endesha wewe."

Niliendesha lile gari kama mwizi. Kijiji cha kwanza tulichokipata kilikuwa na mashine ya kusaga nafaka yenye umeme wa gridi. Niliingia napiga kelele, wakazima kinu, wanawake waliopanga foleni wakatupisha, wengine wakatusaidia kumbeba mzee. Tukaichomeka mashine yake. Nikaielekezea feni ya mwenye kinu ipoe. Kwanza iliguna, kisha mlio ukanyooka, ukawa ule wa nyumbani. Nikaweka kidole mbele ya mpira, nikasikia ubaridi wa hewa. Sindano ya kipimo cha mtungi ilikuwa imefika kwenye sifuri.

Baada ya muda rangi ikamrudia mdomoni. Mzee akafumbua macho, akatutazama wote, akautazama ukuta. "Mbona mmenileta kwenye unga?" akauliza. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya kinu, na sioni haya kuwaambia.

Nilipanda basi kurudi Arusha, nikaileta ile inveta nzito. Nikatoboa sakafu, nikaikaza kwa bolti, nikavuta nyaya nene na fupi, nikakata tundu la hewa. Siku mbili nilifanya kazi pale kando ya kinu. Kuijaribu, nilimwomba mzee mwenyewe alale kitandani, injini imezimwa, mashine inazunguka kwa betri tangu alasiri hadi jua kuzama. Zamda alikaa kando yake muda wote huo, kiganja kwenye mpira. Hakuna aliyesema imekubali. Tulikaa kimya tu, tunasikiliza pumzi ya mzee.

Kesho yake, Zamda alipokwenda kuteka maji, nikajikaza nikamuuliza mzee. "Gwandu alikuambia nini kingine?"

Akanishangaa. "Gwandu gani?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukumbuka hata neno moja.

"Gwandu alikuwa mwendesha jenereta kambini kwetu, tulipokuwa tunapima barabara hii," akasema. "Kijana wa Kimbulu, mpole, si mtu wa maneno mengi. Mvua kubwa ikanyesha, akaiingiza jenereta kibandani isilowe, akafunga mlango, naye akabaki humo humo kuilinda. Sisi tuko mahemani. Kila tukichungulia tunaona taa ya kibandani inawaka. Tukaambiana, Gwandu yuko macho, yuko salama. Mimi ndiye niliyesema hivyo, mwanangu. Asubuhi tukafungua mlango. Moshi ulikuwa umemaliza hewa yote. Taa ilikuwa bado inawaka."

Sikumuuliza lile neno nililolitamka nyuma ya geti langu lilifikaje kinywani mwake. Mambo mengine ukiyachimba unaweza kuyapata.

Tukafika Kondoa salama. Zamda aliniita fundi njia nzima. Lile kaka Anaeli sikulisikia tena, na sikustahili kulisikia.

Bi Mwajabu alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni. Watu walikuwa wengi, kelele nyingi, kila mmoja anamwambia, "Bibi, ndugu yako huyu hapa, kafika!" Yeye hakumsikiliza yeyote. Akaupapasa mkono wa mdogo wake, akaupanda mpaka begani, mpaka shingoni. Kisha akaweka kiganja chini ya pua yake, karibu na ule mpira, akatulia. Nyumba nzima ikanyamaza. Alingoja pumzi ya kwanza, akangoja ya pili, akangoja na ya tatu.

"Ni yeye," akasema. "Sasa niacheni nilie."

Haya, mmesikia. Usipime kwa taa kitakachobeba pumzi.