Barua ya Kumwachisha Kazi Mzee Nzowa

Ulimboka alipokabidhiwa karakana ya viti ya baba yake kule Tukuyu, siku hiyohiyo aliwakusanya mafundi. "Kuanzia leo napima kazi kwa idadi," alisema. "Atakayekuwa na viti vichache kuliko wenzake Jumamosi, aage."

Mafundi wakapiga misumari kama mvua ya mawe. Mzee Nzowa akapiga randa taratibu, huku akipiga mluzi.

Jumamosi ilipofika, viti sitini vilijaa karakana. Nzowa alikuwa ametengeneza kimoja.

"Kimoja, mzee wangu!" Ulimboka alisema. "Umejifukuza mwenyewe."

"Nimekubali, mwanangu. Ila miaka ishirini na sita haiagwi kwa mdomo. Niandikie barua."

Ulimboka akaona ni haki. Akachukua kalamu na karatasi, akatafuta kiti chake cha ofisini, hakukiona.

"Nimekitoa nje nikipake vanishi," Nzowa alisema. "Lakini viti si vimejaa, bosi? Chagua."

Ulimboka akajaribu cha kwanza, kikayumba. Cha pili kikalia kama mlango mbovu. Cha tatu kikamchoma msumari, akaruka. Hatimaye akapata kilichotulia, akaketi, akaandika kwamba fundi huyu anaachishwa kazi kwa sababu wiki nzima ametengeneza kiti kimoja tu.

"Malizia vizuri," Nzowa alimwambia kwa upole. "Andika: nacho ndicho nilichokalia."

Kalamu ikasimama. Mafundi wakainama, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Ulimboka akaichana barua. "Mzee," aliuliza kwa sauti ndogo, "cha pili utakimaliza lini?"