Ufa wa Fundi Mwantumu

"Mzizi hufuata ufa." Kauli hii mmeisikia leo kwenye kikao, mama yenu mkubwa alipowanyamazisha waliokuwa wakimtupia lawama mkwe wetu, nanyi mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Muheza, nami nilikuwepo, nikipokea ndoo za matope.

Mzee Semkiwa na Mama Shemweta walikuwa majirani, wakitenganishwa na ua wa michongoma tu. Upande wa Mama Shemweta palikuwa na mzambarau mkubwa. Aliupanda wiki aliyozaliwa binti yake wa pekee. Binti alifariki akiwa na miaka tisa, mti ukabaki.

Mwaka huo maji machafu yakaanza kurudi bafuni kwa Mzee Semkiwa. Mkewe alikuwa amepooza upande mmoja, akiogeshwa humo humo. Sasa ikabidi aogeshwe uani, nyuma ya kanga mbili zilizotundikwa kambani, na mama wa watu alikuwa akilia kwa aibu. Mzee alikuwa mpole, lakini jambo hilo lilimchoma. Akachokoa bomba kwa waya, ukatoka na fundo la mizizi myembamba kama nywele. Akamwita mtu wa shoka.

"Mama Shemweta," alisema, "mti wako umeingia nyumbani kwangu. Leo unaanguka."

Mama Shemweta alikwenda akaegemeza mgongo kwenye shina, akabaki pale.

Mjumbe wa mtaa, alipoona mambo yanaharibika, akamwita Fundi Mwantumu. Mwanamke huyo ndiye aliyelaza mabomba ya karibu kila nyumba mtaani kwetu. Alifika na sururu yake begani, akawasalimu wakubwa, akasema, "Mwenye shoka akae kwanza. Nipeni mpaka adhuhuri."

Akahesabu hatua kutoka kwenye chemba ya maji machafu, akachimba. Shimo lilipomfika kifuani akalipata bomba. Mzizi mnene kama mkono wa mtu ulikuwa umezama ndani yake, penye maungio. Akafuta udongo kwa kiganja.

Nami niliona alichokiona. Maungio yale yalikuwa yamezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli, mwekundu, umeoza.

Tulikuwa wawili tu pale shimoni, yeye ndani, mimi ukingoni na ndoo zangu. Angeusukumia mpira ule kwenye matope, mti ungekatwa, na hakuna ambaye angejua kitu. Mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa bado. Aliutazama kitambo, akaubandua, akapanda nao juu mbele ya watu wote.

"Mzee wangu, mpira huu niliufunga mimi, miaka kumi na mmoja iliyopita. Gundi iliniishia kwenye ungio la mwisho. Nikasema nitarudi kesho nilimalize. Sikurudi."

"Lakini mizizi ni ya mti wake!" alisema Mzee Semkiwa.

"Ni ya mti wake, kweli. Ila bomba lililofungwa sawasawa mzizi hulipita kando. Wenyewe unatafuta maji tu, mzee. Mzizi hufuata ufa, na ufa huu ni wangu."

Mzee Semkiwa akamtazama mwenye shoka, akamwambia aende zake. Kisha akavuka ua, akamfuata Mama Shemweta pale pale alipokuwa amesimama.

"Nisamehe, dada yangu. Nimekimbilia shoka kabla ya kuchimba."

Mama Shemweta alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mgonjwa anaendeleaje?" akauliza. Akaenda kumwona.

Fundi Mwantumu akaukata mzizi ule mmoja, akatoa kipande cha bomba kilichoharibika, akaweka kipya na kukiunga kwa gundi, akakizungushia zege. Kesho yake jioni mke wa Mzee Semkiwa alioga bafuni mwake, mlango umefungwa.

Wengine walisema fundi amejiharibia jina. Wapi! Wiki iliyofuata alizipitia mwenyewe nyumba mbili nyingine alizozitilia shaka, bila kuitwa, akafukua na kurekebisha. Tangu hapo mtu akijenga Muheza alimtafuta yeye kwanza, akasubiri hata mwezi.

Na maneno yake yakabaki midomoni mwetu. Mambo yakiharibika nyumbani, kazini au baina ya ndugu, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, mtu mzima atainuka aseme tuchimbe kwanza, tuone pale tulipoacha wazi sisi wenyewe. Mzizi hufuata ufa.